Kusomea Saikolojia Texas: Pesa Zinakaa Wapi?



Kila Septemba swali ni lile lile kwenye mikutano yetu, na wanaouliza ni watu wa aina mbili. Wa kwanza amemaliza digrii ya kwanza hapa hapa Texas, anakaa Carrollton na wenzake watatu kwenye apatimenti moja, na siku zake za OPT zinayoyoma. Wa pili yuko Nairobi, Dar au Kampala. Barua ya kukubaliwa anayo mkononi, ila ndani yake hamna hata senti. Wote wawili wanauliza kitu kimoja: "Jamani, skolashipu ya saikolojia inapatikana wapi?"

Jibu fupi ni kwamba wanaitafuta mahali ambapo haipo. Sehemu kubwa ya pesa za kusomea saikolojia ngazi ya juu nchini Marekani haimo kwenye zile orodha ndefu za skolashipu tunazotumiana. Imo ndani ya idara zenyewe, kwenye bajeti ya kufundisha na kwenye ruzuku za utafiti za maprofesa. Maana yake ni hii: siku unapochagua programu ya kuomba, umeshachagua na pesa zake. Ukichagua programu isiyolipa wanafunzi, hata ukiomba skolashipu 50 za nje utabaki unaziba mashimo tu.

Na suala hili si la mtu mmoja mmoja tu. Dallas, Fort Worth na Houston zimepokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, na wengi wao lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Mama aliyekimbia vita Kivu akifika kliniki, mambo ya usingizi na ndoto zake inabidi ayaeleze kupitia mkalimani, mara nyingi kwenye simu. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma na Butabika ya Kampala kila mtu anazijua kwa majina, lakini wanasaikolojia ni wachache mno. Kila mwenzetu anayeacha masomo njiani kwa ajili ya ada, kuna watu wanaokosa wa kuwasikiliza kwa lugha yao.

Basi tuanze.

1. KWANZA JUA UNAOMBA NINI

Hapa ndipo wengi hukurupuka. Mtu anasema "nataka masta halafu PhD," kama tulivyozoea nyumbani. Marekani, kwenye saikolojia, huhitaji masta ili kuomba PhD. Mwenye digrii ya kwanza anaweza kuomba PhD moja kwa moja, na hiyo PhD ndiyo yenye pesa.

PhD ya saikolojia kwenye chuo kinachofanya utafiti kwa kawaida inakuja na kazi ya chuoni, posho ya kila mwezi na msamaha wa ada, wote au sehemu. Inachukua miaka 5 hadi 7. Ushindani si mchezo, hasa kwenye saikolojia ya kliniki, ambako maombi ni mengi na nafasi zinahesabika kwa vidole.

PsyD ni udaktari unaoegemea kutibu kuliko kutafiti. Mfumo huu uliidhinishwa kwenye mkutano wa Vail, Colorado, mwaka 1973. Unakupa haki ya kuomba leseni sawa na PhD, lakini mwanafunzi mara nyingi hujilipia mwenyewe. Kwenye shule za binafsi deni la PsyD linaweza kuzidi thamani ya nyumba mbili za kule kwetu.

Masta iko katikati. Nyingi hazina posho, ila ni fupi na nyingine zinakupeleka kwenye leseni. Texas ina leseni ya ushauri nasaha kwa mwenye masta, na ina leseni maalumu ya wanasaikolojia wa shuleni, ile inayojulikana kama LSSP. Hii ya shuleni usiidharau. Wilaya za shule zinawatafuta sana watu hawa, na mwaka wa mafunzo kazini mara nyingi hulipwa na wilaya yenyewe.

Kabla hujalipa ada ya maombi popote, fanya jambo hili moja. Programu yoyote ya udaktari wa kliniki, ya ushauri au ya shuleni yenye ithibati ya APA inatakiwa itangaze hadharani takwimu zake: gharama kwa mwaka, misaada inayotolewa, wanafunzi wangapi wanaacha, wanamaliza kwa miaka mingapi na wangapi wanapata leseni. Soma ukurasa huo kabla ya kusoma sifa za chuo. Ukiona gharama ni kubwa na sehemu ya misaada ni maneno matupu, umeshapata jibu lako.

2. ASISTENSHIPU NI KAZI, SI ZAWADI

Pesa za idara hutolewa kwa njia ya asistenshipu. Msaidizi wa kufundisha anasahihisha mitihani, anasimamia vipindi vya maabara, na baadaye anaweza kupewa darasa lake. Msaidizi wa utafiti anafanya kazi kwenye mradi wa profesa: kuhoji watu, kuingiza data, kufanya takwimu. Kawaida ni saa 20 kwa wiki.

Kwa mwenye viza ya F-1 hizo saa 20 ndizo kikomo cha kazi ya chuoni muhula ukiwa unaendelea. Kwa hiyo ukishapata asistenshipu kamili, usipange kuongeza kazi ya maktaba. Na kubeba boksi nje ya chuo bila kibali, ndugu yangu, ni kuhatarisha viza yako na miaka yote uliyosoma.

Ukipewa ofa, usishangilie jumla ya pesa peke yake. Uliza mambo haya:

- Posho ni ya miezi 9 au 12? Kiangazi utakula nini?
- Ofa ni ya mwaka mmoja au imeahidiwa miaka yote?
- Msamaha unagusa ada ya masomo tu au hata zile ada ndogo ndogo? Kwenye vyuo vya Texas hizo "ndogo" si ndogo.
- Bima ya afya inalipwa na nani?
- Mwaka wa intanishipu kwa wanafunzi wa kliniki unahesabiwaje?

Kuhusu kodi, posho inatozwa kodi ya serikali kuu, lakini Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake 5 ya kwanza ya kalenda kwa kawaida hakatwi makato ya Social Security na Medicare. Ukiona yamekatwa, nenda ofisi ya mishahara mapema.

3. SHERIA MBILI ZA TEXAS AMBAZO KILA MTU AZIJUE

Mwenye F-1 hawezi kuwa mkazi wa Texas kwa ajili ya ada, hata akikaa Carrollton miaka kumi. Lakini sheria ya elimu ya jimbo inafungua milango miwili ya kulipa ada ya mkazi bila kuwa mkazi.

Mlango wa kwanza ni kazi. Msaidizi wa kufundisha au wa utafiti aliyeajiriwa angalau nusu ya muda, kwenye kazi inayohusiana na digrii yake, analipa ada ya mkazi. Na si yeye tu: mume au mke wake na watoto wake pia. Kama mmekuja wawili na mmoja kapata asistenshipu, mwingine akitaka kusoma chuo cha umma, aende ofisi ya usajili akiwa na barua ya kazi ya mwenzake.

Mlango wa pili ni skolashipu ya ushindani. Ukipata skolashipu ya angalau dola 1,000 kwa mwaka, iliyotolewa na kamati inayotambuliwa na chuo, na uliyoshindania pamoja na wanafunzi wengine wakiwemo wakazi wa Texas, chuo kinaweza kukutoza ada ya mkazi. Kuna mipaka: chuo hakiruhusiwi kutoa misamaha hii kwa zaidi ya asilimia 5 ya wanafunzi wake. Kwa hiyo wanaowahi ndio wanaokula.

Sasa piga hesabu. Tofauti kati ya ada ya mkazi na ya mgeni kwenye vyuo vya umma vya Texas imekuwa karibu dola 400 kwa kila krediti, ingawa namba kamili hupangwa upya kila mwaka. Tuseme unachukua krediti 9 kwa muhula, mihula miwili. Hizo ni krediti 18. Mara 400, unapata dola 7,200. Yaani skolashipu ya dola 1,000 imekupunguzia dola 7,200 nyingine. Kwa masta ya krediti 36, akiba yako ni kama dola 14,400.

Ndiyo maana skolashipu "ndogo" ya idara ya dola 1,000 inaweza kuizidi kwa mbali skolashipu ya nje ya dola 5,000. Ile ya nje haifungui mlango. Hata harambee tukikuchangia 10,000 hazifungui mlango, maana hazikutolewa na kamati ya chuo. Kwa hiyo unapowaandikia watu wa idara usiulize tu "mna skolashipu?" Uliza: "Je, mna skolashipu ya ushindani inayompa mwanafunzi wa nje haki ya ada ya mkazi, na siku ya mwisho ya kuomba ni lini?" Watajua kwamba unajua.

Angalizo: milango hii ni ya vyuo vya umma. SMU, TCU na Rice ni vya binafsi na ada yao ni moja kwa wote. Huko ukipokelewa PhD kwa kawaida pesa zinakuja pamoja na nafasi. Usipopewa pesa, usiende.

Neno moja kwa ndugu waliokulia hapa bila karatasi. Sheria ya Texas ya 2001 iliyowaruhusu kulipa ada ya mkazi ilizuiwa na mahakama ya serikali kuu tarehe 4 Juni 2025. Ushauri wa zamani usiutegemee. Onana na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote ya makazi.

4. VYUO: KUANZIA CARROLLTON HADI HOUSTON

Carrollton tunakaa wengi kwa sababu kodi ya nyumba inavumilika, lakini kwa mwanafunzi wa saikolojia kuna faida nyingine: uko katikati ya vyuo. Kituo cha Trinity Mills kinaunganisha treni ya DART ya mstari wa kijani na A-train ya kwenda Denton. Na tangu Oktoba 2025 mstari wa fedha umeunganisha Downtown Carrollton na UT Dallas. Gari likiharibika hukosi darasa.

Denton kuna vyuo viwili vya umma. UNT ina PhD ya kliniki, ya ushauri na ya sayansi ya tabia. Texas Woman's University ina PhD ya ushauri na ya saikolojia ya shuleni. Kaka zangu, jina lisiwatishe, wanaume wanapokelewa.

Richardson kuna UT Dallas, yenye nguvu kwenye utafiti wa ubongo, utambuzi na makuzi ya watoto, ngazi ya masta na PhD. UT Arlington nayo ina PhD ya utafiti, ila huko andaa gari, treni haifiki. SMU iko Dallas na ina PhD ya kliniki. TCU iko Fort Worth na ina PhD ya saikolojia ya majaribio.

Houston, University of Houston ina kliniki, saikolojia ya jamii na ya viwanda na mashirika, na upande wa chuo cha elimu kuna ushauri na saikolojia ya shuleni. UH-Clear Lake ina PsyD, na kwa kuwa ni chuo cha umma, ile milango miwili inahusika. Rice ni ya binafsi na ina PhD za utafiti. Nje kidogo ya mji kuna Prairie View A&M, chuo cha kihistoria cha Weusi, chenye PhD ya saikolojia ya kliniki ya vijana.

Usiombe vyote. Chagua kwa profesa, si kwa jina la chuo, kama tutakavyoona sasa hivi.

5. KUMWANDIKIA PROFESA

Kwenye PhD nyingi za saikolojia mwanafunzi hupokelewa na profesa fulani, kwenye maabara yake. Profesa asipochukua mwanafunzi mwaka huo, maombi yako yamekufa kabla hayajasomwa. Kwa hiyo Agosti na Septemba ni miezi ya kuandika barua pepe.

Barua iwe fupi. Aya ya kwanza: wewe ni nani, umesoma wapi, unaomba programu gani, kuanza lini. Aya ya pili: utafiti wake mmoja uliousoma kweli, na swali au wazo lako juu yake. Aya ya tatu: unachokuja nacho, kama takwimu, programu za kompyuta, uzoefu wa kuhoji watu, lugha. Mwisho maswali mawili: je, unachukua mwanafunzi mwaka ujao, na wanafunzi wako wanalipwaje? Ambatanisha wasifu wako. Usianze na shida za nyumbani. Huyu hatoi sadaka, anatafuta mfanyakazi wa maabara.

Na hapo kwenye lugha usijishushe. Profesa anayetafiti wakimbizi, wahamiaji, majeraha ya vita au makuzi ya watoto anahitaji mtu wa kutafsiri dodoso na kujua kama swali linaeleweka. Fikiria neno la Kiingereza la sonona, lile linaloanza na "depre". Ukimwuliza bibi wa Bukavu au Kigoma kama ana sonona atakutazama tu. Mwulize kama moyo ni mzito, kama ana mawazo mengi, kama chakula hakishuki, mtazungumza mpaka jioni. Kulijua hilo ni ujuzi wa utafiti, uandike kwenye wasifu.

Kama digrii yako ya kwanza si ya saikolojia, au transkripti ina mapengo, chukua takwimu na mbinu za utafiti kwa bei nafuu kwanza. Kampasi ya Brookhaven ya Dallas College iko Farmers Branch, jirani kabisa na Carrollton. Hakikisha tu programu unayoiomba inakubali kozi za huko.

6. FELOSHIPU ZA NJE: ANGALIA MASHARTI KABLA YA KIASI

Gawanya orodha yako mafungu mawili.

Fungu la raia na wenye Green Card: feloshipu ya utafiti ya NSF na programu ya feloshipu za walio wachache ya APA, iliyoanza mwaka 1974. Mwenye F-1 asipoteze wiki zake huko. Na hata mwenye Green Card ajue kwamba NSF haigharamii saikolojia ya kliniki.

Fungu la wageni: Fulbright huombwa ukiwa nchini kwako, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kubadili kwenda viza fulani za kazi au ukazi. Kwa akina dada kuna P.E.O. International Peace Scholarship, iliyopo tangu 1949, na Margaret McNamara Education Grants, kwa wanawake wa nchi zinazoendelea wenye umri wa kuanzia miaka 25 ambao tayari wanasoma. Psi Chi, chama cha heshima cha wanafunzi wa saikolojia kilichoanzishwa 1929, kina ruzuku za utafiti kwa wanachama wake. Jiunge ukiwa bado digrii ya kwanza.

Hizi ni za kujazia. Zinaziba pengo la kiangazi au gharama za tasnifu, lakini hazibebi miaka mitano.

7. MIKOPO

Mikopo ya serikali kuu ni kwa raia na wenye Green Card. Wakimbizi na waliopewa hifadhi waulize ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, wasijikatie tamaa wenyewe.

Hapa mambo yamebadilika sana. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliufunga mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Huo ndio uliokuwa ukiziba gharama zote zilizobaki. Kikomo kipya kwa mwanafunzi wa kawaida wa uzamili na PhD ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kwa zile fani zinazohesabiwa za kitaaluma ni 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kwenye majadiliano ya kanuni ya mwaka 2025 udaktari wa saikolojia ya kliniki uliwekwa upande wa kitaaluma, masta ya ushauri haikuwekwa. Kabla ya kusaini, uliza programu yako iko upande gani.

Mwenye F-1 anabaki na benki binafsi, na nyingi zinataka mdhamini raia au mwenye Green Card. Ukimwomba mjomba wa Houston akusainie, mwambie ukweli: ukishindwa, wanamfuata yeye.

8. MTEGO WA INTANISHIPU

Hili wengi hulijua wakiwa mwaka wa nne, wakati maji yameshafika shingoni. Udaktari wa kliniki, ushauri au shuleni unaishia na intanishipu ya mwaka mzima. Inalipwa, lakini hospitali za maveterani, ambazo ndizo zenye nafasi nyingi kuliko mwajiri yeyote, zinadai uraia wa Marekani. Ile ya Dallas na ile ya Houston zote zimo. Mwenye F-1 aanze mapema kutengeneza orodha ya hospitali za watoto, vituo vya ushauri vya vyuo na wilaya za shule.

Pili, intanishipu hufanywa kwa kibali cha CPT, na anayetumia CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi anapoteza OPT ya ngazi hiyo. Siku chache tu za kalenda zinaweza kukugharimu mwaka wa kazi. Kaa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini tarehe.

9. RATIBA

Juni na Julai: soma takwimu za programu, chagua 6 hadi 8. Angalia kama GRE inahitajika, nyingi zimeiacha, si zote.
Agosti na Septemba: waandikie maprofesa. Omba barua za mapendekezo. Kama walimu wako wako nyumbani, kumbuka mgomo na umeme, wape miezi miwili.
Oktoba: andika barua ya kujieleza, mpe mwenzio aisome. Omba msamaha wa ada ya maombi, vyuo vingi hutoa ukiomba kwa adabu.
Mwisho wa Novemba hadi Januari: tuma. Kliniki nyingi hufunga mwanzoni mwa Desemba.
Januari hadi Machi: intavyuu.
15 Aprili: vyuo vingi vimekubaliana kwamba usilazimishwe kujibu ofa ya pesa kabla ya siku hii. Ukisukumwa, kumbusha kwa upole.

Aliye nyumbani aongeze jambo moja: viza. Marekani ilitangaza vizuizi mwezi Juni 2025 vilivyozigusa Somalia na Burundi miongoni mwa nchi nyingine, na Desemba 2025 orodha ikaongezwa, Tanzania ikaingia. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote uliza ubalozi hali ikoje wakati huo, na ukiuliza chuo, uliza pia kama ofa inaweza kusogezwa mwaka mmoja.

HARAMBEE IFANYE KAZI YAKE

Mwaka 1959 ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliwaleta wanafunzi 81 kutoka Kenya. Ada zilikuwa skolashipu za vyuo. Kilichochangwa, na Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walikuwa mstari wa mbele, kilikuwa nauli. Mgawanyo ule bado una maana. Jumuiya haiwezi kumlipia mtu PhD. Inaweza kulipa ile dola 350 ya SEVIS, dhamana ya apatimenti, na chakula cha Septemba, kwa sababu anayeanza kazi mwisho wa Agosti kwenye chuo cha umma mara nyingi posho yake ya kwanza huiona mwanzoni mwa Oktoba.

Kwa hiyo tunaomba wale ambao tayari wako kwenye programu, Denton, Richardson, Arlington hata Houston, walete kwenye mkutano ujao mambo matatu kwa maandishi: posho yenu ni ya miezi mingapi, msamaha wa ada unaishia wapi, na profesa gani anachukua mwanafunzi mwaka ujao. Tutaweka daftari moja la jumuiya. Anayekuja nyuma yenu asianze kupapasa gizani.